Uliza Mjomba: Askari 40, alomalizika hakuna hata mmoja

Haya jamani, mwezi huu barua karibu zote zimekuja na ugonjwa mmoja, watu mmeanza kupaka rangi vijisanamu vyenu vya mchezo wa vita hamjamaliza. Na mie sicheki. Nna farasi 24 niliwapaka rangi tangu 2014, wamekauka, wanang'ara, na wapandaji wao mpaka leo wako kwenye fremu ya plastiki hawajakatwa hata mmoja. Kwa hiyo anaejibu hapa ni mgonjwa mwenzenu, msije mkasema hamkuambiwa.

Assalaam alaykum Mjomba. Sie tuko watu sita tunacheza vita vya vijisanamu kila Ijumaa baada ya isha, kibarazani kwa mwenzetu huku Mlandege. Mwezi huu tumewekeana chalenji ya kupaka rangi, askari wa miguu wa 28mm ana pointi 5, mpanda farasi 10, kila mtu akataja atafikisha ngapi. Mie kwa kujitia nikasema 200, yaani askari 40. Sasa zimebaki siku 12 na nna kama 11 hivi wamekaribia, wengine wana suruali tu, wengine wana uso tu, waliobaki ndo weusi wa praima, ile rangi ya kwanza ya kushikishia. Alieshindwa anawanunulia wote urojo. Urojo hauniumi Mjomba, zinaniuma zile kelele. Nifanyeje?
*Alojitia, Mlandege*

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza hesabu. Kukaribia hakuna pointi, kwa hiyo huna 11, una sifuri, na hilo ulikubali kwanza ndo tuzungumze. Pili mie sikuoni mvivu, mvivu hapaki suruali za watu. Ulichokosa ni kuamua mapema askari alomalizika anafananaje. Nakujua hata kama sikujui: yule wa kwanza ulimtia mpaka mboni za macho, ukampiga picha, ukawatumia wenzako, sasa kila unaeshika baada yake unampima na yule, unachoka kabla hujafungua kopo la rangi.

Yakhe, askari wa 28mm ana kimo kama cha pingili ya kidole gumba, na mchezo mnaucheza mmesimama, taa ya kibarazani yenyewe ndo ile, nani ataona mboni? Macho mtie kamanda wako, mmoja, siku ulofurahi.

Leo usiku usishike brashi. Chukua karatasi uandike rangi za askari wako, na zisizidi tano: koti, suruali, ngozi ya mwili, mikanda na viatu, chuma. Chini yake andika "woshi", yaani ile rangi ya majimaji, kahawia iliyokolea, inayoteremka yenyewe kwenye mikunjo ya nguo ikatengeneza kivuli bure bila ya wewe kuhangaika. Afu "brashi kavu": unachovya brashi kwenye rangi nyepesi kidogo kuliko ya koti, unaifuta kwenye karatasi ya chooni mpaka unadhani haina kitu, ndo unampitishia juu juu, zile ncha zilonyanyuka zinashika mwanga. Afu besi, kile kibao anachosimamia: gundi nyeupe, mchanga, rangi moja. Basi, hapo kamaliza, na ikishaandikwa hapo hairuhusiwi kuongeza kitu, hata ukipata wazo zuri namna gani saa sita za usiku. Mawazo mazuri ya saa sita usiku ndo yaloniachia mie farasi wasio na wenyewe.

Mchanga wa pwani ni mzuri lakini uoshe kwa maji baridi mara mbili tatu uanike ukauke, chumvi inavuta unyevu na utakuja kuona besi imetoa weupe halafu uniandikie tena.

Sasa siku zako 12. Toa Ijumaa za mchezo, moja au mbili, zikibaki kama kumi. Siku tatu za mwanzo wape wale 11 peke yao, waziba mapengo, woshi, brashi kavu, besi, unawatoa mezani kabisa unawaweka kwenye kabati la vikombe waonekane. Hapo una pointi 55 za kweli. Waliobaki wachukue watano watano. Unapaka koti kwa wote watano, ukifika wa tano wa kwanza keshakauka, unarudi na suruali. Usiku wa kwanza rangi, usiku wa pili unamalizia na kuwatia woshi ukalale, maana kwa unyevu wetu huu woshi ukiuharakisha unaubandua, usiku wa tatu brashi kavu na besi. Makundi mawili ndo siku sita, pointi 50. Jumla 105. Umeme usipokatika na ukibahatika utapata kundi la tatu, utafika 130.

Mia mbili hufiki. Urojo utanunua. Nimekwambia mapema ili usije ukajaribu kuwapaka wote 29 kwa pamoja kama mtu anaepaka ukuta, koti 29 usiku mmoja, suruali 29 usiku wa pili, unakwenda wiki nzima huna hata mmoja wa kumtazama, roho inakufa. Nshafanya, sio hadithi. Watano unawaona wanatoka.

Na wenzako waambie leo kuwa hesabu ni mia na kidogo. Kelele za leo ni za dakika kumi, za siku ya mwisho utazisikia mpaka Ramadhani. Chalenji ijayo taja idadi uloifikisha mwezi huu, ile unayoitamani iache kwenye ndoto.

Mjomba shikamoo. Mie niko Wete. Nililetewa boksi la Space Marines, wale askari wa anga za juu wa Warhammer, na binamu yangu kutoka Uingereza, nikalifungua kwa furaha, nikawaunga wote, nikatoka uani kuwapulizia praima ya kopo, ilikuwa katikati ya masika. Zikatoka chengachenga, ukishika kama msasa. Nikakasirika nikazitia kabatini, huu mwezi wa sita sijazigusa. Nizitupe?
*Msasa, Wete*

Marahaba. Usitupe, vitu vya kutoka Nottingham kiwandani kwao hivyo, binamu atasikia.

Ilivyokuwa ni hivi. Praima ya kopo inatoka kama vitone vidogo sana. Hewa ikiwa imejaa maji, au ukisimama mbali, au kopo halikutikiswa, vile vitone vinaharibika njiani, vinafika nusu vimekauka vinatua kama vumbi badala ya kutandaa. Na Pemba wakati wa masika nani asiejua, nguo yenyewe kwenye kamba siku mbili haijakauka.

Kwa hiyo subiri siku kavu, jua lishapanda na umande umeondoka, mvua isiwe imetoka kunyesha. Tikisa kopo dakika mbili kwa saa, usikisie. Simama kama sentimita 20 mpaka 30, anza kupuliza pembeni ya askari, mpitie, malizia pembeni ya pili, mara fupi fupi, mwache, mgeuze. Na kabla ya yote pulizia kipande cha fremu tupu, kikitoka kibaya umepoteza takataka tu. Masika yakikukuta hutaki kusubiri, tumia praima ya kupaka kwa brashi, mara mbili nyembamba nyembamba, inachosha lakini haiangalii hali ya hewa. Vanishi ya kupuliza nayo ni hivyo hivyo, unyevu ukiwa mwingi inaacha ukungu mweupe juu ya kazi yako yote na hapo ndo utalia kweli, mie vanishi napaka kwa mkono tu siku hizi.

Hao wa kabatini wasugue taratibu na mswaki mkavu wa zamani, chenga nyingi zitaondoka. Watakaobaki na sura mbaya, soma jibu la yule mtoto wa Chake Chake hapo chini.

Lakini nataka nikuulize, kweli praima ndo iliyokaa miezi sita? Praima ilichukua jioni moja. Miezi sita ni kwa sababu kila ukifungua kabati unaona "boksi lilokwama", hukumbuki tena limekwama wapi, unaona kama zima limeharibika. Chukua kalamu ya wino mzito uandike juu ya boksi: "sugua kwa mswaki." Neno hilo tu. Siku ukilifungua hutoanza kufikiri, utaanza kusugua.

Assalaam alaykum. Mimi ni mke wa mtu, Fuoni. Mume wangu ana maboksi ya hivyo visanamu chini ya kitanda, juu ya kabati, na sasa yameingia kwenye begi la nguo za watoto. Ananunua mengine kabla hajamaliza yale. Nikisema anasema ni hobi, bora hobi kuliko mengine. Mjomba nikosee adabu niyatoe nje?
*Mke wa mtu, Fuoni*

Waalaykum salaam dada yangu. Usiyatoe nje, lakini la begi la watoto aambiwe leo leo, hapo mie niko upande wako wote.

Hilo neno la "bora kuliko mengine" sote tunalitumia, limechakaa, msamehe. Na ukweli ni kwamba kununua boksi kunaleta raha ile ile ya kuanza, na kuanza ndo kutamu, unaona jeshi zima kichwani halina hata kosa moja. Akishafungua anakutana na kukata, kusafisha ile mistari inayoachwa na moldi ya kiwandani, gundi inamganda vidole, ndo anakumbuka kuna boksi jipya limetoka.

Usimuulize lini utamaliza, hilo swali halina jibu, atakwambia inshallah na wewe utakasirika. Muulize: lipi katika haya unataka nilione mezani siku ya Idi? Achague moja. Moja tu, alitaje kwa jina, na mengine yaingie kwenye kasha moja lenye kifuniko, likijaa ndo mwisho. Boksi jipya halifunguliwi mpaka kikosi kimoja kimesimama kabatini na mchanga kwenye besi. Asoyataka tena auze, hayaozi hayo, plastiki inakaa, ila zile karatasi na vitabu vya sheria za mchezo chini ya kitanda kwenye sakafu yenye unyevu vitaota ukungu, mwambie hilo, atashtuka kuliko utakavyosema la nafasi.

Na siku hiyo ya Idi akikiweka, dada yangu, kitazame kweli. Dakika moja.

Yakhe Mjomba, nna projekti mwaka wa tatu sasa, vita vya tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza na Sayyid Khalid alojitangaza Sultani hapa Unguja. Nimejenga Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani la Forodhani, pamoja na mnara wake wa saa, nikaanza Beit al-Hukm ya jirani yake kwa styrofoam ya kufungia friji, nikaipulizia rangi ya kopo ikayeyuka mbele ya macho yangu, nikaacha. Meli ya Sultani, Glasgow, ni gamba tupu. Watu wa Sayyid Khalid nna 30 walokwisha, nilitaka 280, yaani mmoja badala ya kumi. Nimechoka lakini nikiacha naona haya. Nisaidie.
*Mjenzi, Kikwajuni*

Vita vyenyewe vilikwenda dakika 38, wewe mwaka wa tatu! Samahani, nilikuwa lazima niseme, sasa nimenyamaza.

Barua yako nimeisoma mara nne kwa sababu hii ndo projekti ninayoionea wivu. Tuanze na rahisi. Styrofoam inaliwa na rangi ya kopo, ile dawa inayoichukua rangi ndo inayoila. Ipake kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji, au rangi ya ukuta ya maji, kila mahali mpaka ndani ya madirisha, mara mbili, ikauke, hapo unaweza kupulizia kwa mbali. Au usipulizie kabisa, brashi pana na rangi ya ukuta inatosha kwa jumba.

Gumu ni hili, na usinichukie. Mnara wako wa saa umekosea. Mwaka 1896 mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba, ukapigwa siku ile, na huu tunaoujua ulioshikana na Beit al-Ajaib umekuja na matengenezo ya 1897. Beit al-Hukm ndo ilosambaratika haikujengwa tena. Najua umeumia. Hukusikia kishindo lakini moyoni ulikuwa unajua kuna kitu, ndo maana mkono ukawa mzito.

Sasa tufikiri pamoja. Hebu uweke mezani mchezo wa asubuhi ile. Saa tatu na dakika mbili mizinga inaanza, bandarini kuna manowari za Waingereza, St George ya Admirali Rawson, Philomel, Racoon, Thrush, Sparrow, upande wa pili Glasgow na mizinga michache ya pwani. Glasgow inazama. Watu wa Khalid walikuwa kama 2,800, Wazanzibari kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza akajeruhiwa baharia mmoja. Huo sio mchezo mwanangu. Mmoja anarusha dadu, mwengine anaondoa vijisanamu. Ungemaliza wote 280, ukaalika watu, ndani ya saa moja kila mtu anatazama chini, na wale ni babu zetu wale, sio kitu cha kuondoa mezani kwa mkumbo.

Lakini hadithi haikwisha pale. Sayyid Khalid alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani na watu wake kama arubaini. Ndani akalindwa na mabaharia kumi wa Kijerumani wenye silaha, nje Jenerali Mathews, Muingereza wa serikali ya Sultani, akaweka watu wake wamkamate akitia mguu barabarani. Wiki tano nzima hivyo! Afu tarehe 2 Oktoba inaingia manowari ya Kijerumani Seeadler, wanasubiri maji yajae, mashua yao inakuja mpaka kwenye geti la bustani ya ubalozi, Khalid anatoka bustanini anakanyaga mashua, hakugusa ardhi ya Unguja hata kwa ncha ya kiatu, huyo akenda zake Dar es Salaam. Waingereza walikuja kumkamata 1916.

Huo ndo mchezo. Ubalozi mmoja, ukuta wa bustani, geti, ufukwe, mashua moja. Na maji, yaani kila raundi maji yanapanda kidole kimoja kwenye meza, Mjerumani anaomba yafike, Mathews anatafuta njia ya kisheria au ya hila ya kuwatoa nje kabla. Hakuna anaejua nani atashinda mpaka maji yafike getini.

Hesabu yake sasa. Watu wa Khalid arubaini, kijisanamu kimoja kwa mtu mmoja, unao 30 tayari wamepakwa, wanakusubiri. Ongeza kumi, Wajerumani kumi, askari wa Mathews kumi na tano hivi. Thelathini na tano, watano watano, makundi saba. Kwa mwendo wa yule wa Mlandege ni usiku 21, na wewe huna dedlaini ya urojo. Jumba moja la kawaida la mawe, mashua utamwomba mtoto yeyote anaechonga ngalawa za kuchezea akusaidie, ataifanya nzuri kuliko yako.

Beit al-Ajaib iweke kabatini na mnara wake uliokosea. Ile ya kweli iliporomoka sehemu yake siku ya Krismasi 2020 wakafa watu wawili, yako bado imesimama, ina thamani yake hata kama tarehe haikubali. Glasgow iache gamba. Unaona haya gani? Hukuacha vita vya 1896, umevichukulia kwenye mwisho wake.

Ukimaliza niite. Nakuja na kiti changu, na nataka kuwa Mathews.

Mjomba shikamoo, mimi niko fom tuu Chake Chake. Nilimpaka askari wangu rangi nene sana uso umepotea kabisa. Baba anasema nimtie kwenye tina. Nimtie?

Marahaba mwanangu. USIMTIE. Tina ya gari itayeyusha plastiki utatoa uji. Kama ulitumia rangi za akriliki zile za maji, muombe mama Dettol, imimine kwenye kikopo cha mtindi bila kuizimua, mzamishe askari alale humo usiku mmoja. Asubuhi vaa glavu umsugue na mswaki wa zamani. Na sikiliza vizuri hapa: msugue humo humo kwenye Dettol mpaka rangi itoke yote, maji yasimguse kabla, ukimtia maji mapema rangi itageuka gundi yenye kunata utakesha. Ikishatoka yote ndo sabuni ya vyombo na maji. Hiyo Dettol ikishatumika isirudishwe chupani, na mswaki uutie alama usije ukarudi msalani.

Safari ya pili zimua rangi na maji kidogo, iwe kama maziwa, upake mara mbili. Baba mwambie tina abaki nayo ya gari.